Kombora si risasi kubwa: uzi wa wanaobuni silaha za michezo ya mezani ya anga za mbali

Rubani wa Karatasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke hadi kwenye kanuni.

Kuna mchezo wa mezani nautunga, wa kuigiza uhusika, vyombo vya anga na mabaharia wake, dadu mbili za pande sita kwa kila jaribio. Bunduki nilizimaliza jioni moja. Leza, jioni mbili. Makombora ya kuongozwa yamenisumbua karibu mwaka mzima.

Toleo la kwanza nilifanya kile wanachofanya wengi. Nilichukua kanuni ya mzinga, nikaongeza 3 kwenye kulenga kwa kuwa "kombora lina akili", nikapandisha madhara hadi dadu sita, nikaweka idadi ndogo ili lisizoeleke. Siku ya kulijaribu wachezaji walimwaga makombora yote raundi ya kwanza. Chombo cha adui kilipasuka kabla rubani wetu hajagusa dadu. Aliyekuwa anaigiza fundi mitambo akaniuliza, "Kwa hiyo mimi leo nimekuja kufanya nini?" Sikuwa na jibu.

Toleo la pili nikakimbilia upande wa pili, nikataka uhalisia. Jaribio la kuikamata shabaha, jaribio la kuruka salama, la kupenya ulinzi, la kugonga. Kila moja linataka 8 au zaidi. Karatasini lilipendeza kweli. Mezani, mkupuo wa makombora 12 ulitula muda mrefu wa kurusha dadu ili tu tujue kwamba hakuna kilichotokea.

Matoleo yote mawili yana ugonjwa mmoja: yanalichukulia kombora kama risasi kubwa. Risasi ikishatoka mtutuni mambo yamekwisha, imebaki hesabu. Kombora likishatoka kuna kipindi hapo katikati, na kipindi hicho ni cha yule anayefuatwa. Analiona linakuja. Anajua lina mafuta kiasi gani, au anadhani anajua. Lazima aamue kitu. Ukikifuta kipindi hicho kwa rusho moja la dadu umelifuta kombora lenyewe, umebaki na mzinga wenye jina zuri.

Basi toleo la tatu liko hivi. Kombora likirushwa halijaribiwi chochote. Unaweka kete mezani, na juu yake dadu moja inayoonyesha mafuta, tuseme 4. Mwisho wa kila raundi kete inasogea na dadu inashuka kwa 1. Ndani ya raundi hiyo anayefuatwa anaweza kujibu: rubani akwepe, mtu wa mawasiliano avuruge mawimbi, mpiga mizinga alifyatue, fundi atupe chambo. Kila jibu linamla mtu zamu yake. Rubani akifanikiwa kukwepa, kombora linalipa mafuta 1 ya ziada ili limfuate. Kete ikikifikia chombo dadu ikiwa bado na 1 au zaidi, ndipo mrushaji anafanya jaribio lake pekee, la kugonga.

Na dadu ikifika 0 kombora halitoweki, linakuwa jiwe. Angani hakuna hewa ya kulipunguza mwendo, kwa hiyo linaendelea na kasi ileile, ila haliwezi tena kukata kona. Ukisogea, limekupita. Kama injini imekufa, utalisubiri.

Ngoja nipumzishe vidole, naendelea chini kuhusu jicho la kombora.

Kete Nyeusi

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Swali la haraka: kama leza inafika kwa kasi ya mwanga, nani atahangaika na kombora linalotambaa raundi nne?

Bi Hesabu

Kete Nyeusi, leza nayo huchelewa, ila watu husahau. Mwanga unakwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Adui akiwa umbali huo, unachokiona ni alipokuwa sekunde moja iliyopita, na leza yako itamfikia sekunde moja baadaye. Jumla sekunde mbili. Chombo kinachosukuma kwa mchapuko sawa na mvuto wa Dunia, mita 10 hivi kwa sekunde kwa sekunde, kinahama mita 20 katika muda huo kutoka pale ulipotarajia. Umbali ukiwa maradufu kinahama mita 80, kwa sababu muda unajizidisha wenyewe. Rubani anayeyumba ovyo ovyo hapigiki kirahisi. Kombora linasogea na jicho lake, na kadiri linavyokaribia ndivyo linavyoona habari mpya. Hapo ndipo linapoishinda leza.

Na kuhusu toleo la pili la mleta uzi: kupata 8 au zaidi kwa dadu mbili ni njia 15 kati ya 36, kama asilimia 42. Majaribio manne mfululizo yanashusha hadi asilimia 3. Hata ukilegeza kila jaribio liwe 7 unapata asilimia 12 hivi. Mbunifu anaangalia kila hatua anaona "mbona inawezekana", anasahau kwamba zinazidishana.

Rubani wa Karatasi

Asilimia 3! Ndiyo maana yule mpiga mizinga aliniangalia vile.

Sasa jicho, yaani kombora linajuaje liende wapi. Kanuni nyingi huandika "la joto" au "la rada" kisha tofauti inakuwa bonasi ya 1 hapa, 1 pale. Mimi kila jicho nimeligeuza swali moja: nani analazimika kubaki palepale?

La waya au redio, mrushaji mwenyewe ndiye jicho. Mwaka 1943 Wajerumani waliizamisha manowari ya Italia, Roma, kwa bomu la Fritz X, na aliyeliongoza kwa redio alikuwa ndani ya ndege analitazama likishuka. Vita vya Oktoba 1973 Wamisri waliongoza makombora ya Malyutka kwa kijiti na waya dhidi ya vifaru. Kwenye masafa yake ya mwisho, kilomita 3, safari ilizidi sekunde 20, na sekunde zote hizo mtu hatakiwi kupepesa. Waisraeli wakajifunza kumwaga risasi kule lilikotokea, ili mwenye kijiti ashtuke. Kanuni yangu imetoka hapohapo: mrushaji hana zamu nyingine mpaka kombora lifike, na akishambuliwa, hata akikoswa, anajaribu kutulia. Akishindwa, limepotea. Ni kombora dhaifu kuliko yote na ndilo lililotupa matukio mengi kuliko yote, kwa sababu wenzake wote wanageuka kuwa ngao yake.

La kumulikiwa: rada inampiga adui mwanga, kombora linafuata mwangwi. Sparrow ya Marekani ilikuwa hivyo, na kule Vietnam ilipata sifa mbaya, takriban moja kati ya kumi ndilo lililofika. Uzuri wake mezani ni kwamba mmulikaji na mrushaji si lazima wawe mtu mmoja. Wa kwanza anajianika, wa pili anarusha akiwa amejificha nyuma ya kimondo. Hapo unapata mabishano ya kweli kati ya wachezaji, nani aende mbele.

La joto unarusha unaondoka. Sidewinder za kwanza, zilizotumika vitani mara ya kwanza mwaka 1958 na marubani wa Taiwan, zilitaka uwe nyuma ya adui ili zione bomba la moshi lake, na jua liliweza kuzipotosha. Rubani alisikia mngurumo masikioni jicho lilipoona joto. Mimi msimamizi huutoa mngurumo huo kwa mdomo, nauzidisha kadiri shabaha inavyokaa vizuri, na mchezaji anaamua lini afyatue. Wenzangu wananicheka lakini hakuna kanuni niliyoandika inayofanya kazi kama ule mngurumo.

La kufuata mawimbi ya mwenzako: Shrike ya Wamarekani ilifuata rada za adui. Waendeshaji wa rada wakajifunza kuizima wakiliona linakuja, na jicho likabaki halina cha kufuata. Mezani ni uamuzi mtamu sana. Ukizima rada umelipofusha kombora, na wewe umekuwa kipofu raundi nzima.

Angani chambo kina tabia yake. Kwenye hewa fataki za joto na vipande vya alumini hupunguzwa mwendo vikabaki nyuma ya ndege. Kwenye ombwe unachokitupa kinabaki na mwendo uleule uliokuwa nao. Ukizima injini mnakwenda sambamba kama mapacha. Ukiwasha umekiacha, na kombora linaona nani kati yenu anawaka. Kwa hiyo kwangu chambo na kukwepa haviendi raundi moja. Uchague.

Mpiga Ramani

Nimesoma mwanzo mwisho. Mkuu, umetisha, ila nitapinga.

Mimi nasimamia meza za watu wapya, watu sita, saa tatu tu. Ukinipa kete inayosogea, dadu ya mafuta na majibu ya aina nne kwa kila kombora, nimekwisha. Adui akirusha makombora manane nina kete nane na mijadala nane. Hicho kipindi unachokisifia kwangu ni foleni. Rusho moja, madhara, twende kwenye hadithi.

Rubani wa Karatasi

Hoja imepokelewa, na nusu yake ni kweli. Makombora manane hayawi kete nane. Mkupuo ni kete moja yenye namba 8 pembeni. Mizinga ya kujilinda inapunguza namba, chambo kinapunguza namba, kukwepa kunakula mafuta ya mkupuo wote. Ukifika, rusho moja la kugonga, na namba iliyobaki ndiyo dadu za madhara. Kwa hiyo muda unaotumika ni uleule, liwe kombora moja au ishirini.

Nusu nyingine sikubaliani nayo. Unasema ni foleni. Mimi nasema ndipo watu sita wako wote wanapata kazi kwa wakati mmoja. Kwenye rusho moja anacheza mtu mmoja, watano wanatazama.

Bi Hesabu

Mkupuo kwa njia ya kutoa namba una faida ambayo mleta uzi hajaitaja. Wayne Hughes, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliandika hesabu ya vita vya makombora miaka ya 1980, na kiini chake ni kutoa: yanayofika ni yaliyorushwa, toa yaliyozuiwa. Tuseme ulinzi unazuia 4. Ukirusha 4 hupati kitu. Ukirusha 6 yanapita 2. Ukirusha 8 yanapita 4. Yaani kutoka 6 kwenda 8 umeongeza theluthi moja tu ya makombora lakini madhara yamekuwa maradufu.

Mezani maana yake ni kwamba mchezaji anayerusha moja moja kila raundi anapoteza bure, na anayengoja akusanye anashinda. Lakini anayengoja anaweza kupasuliwa akiwa bado ameyashika. Msiharibu jambo hilo kwa kumpa kila kombora nafasi yake ya kubahatisha kupenya. Ukifanya hivyo kizingiti kinayeyuka na kurusha moja moja kunakuwa sawa na kurusha kwa mkupuo.

Mengine mawili, kwa wanaopenda fizikia yao iwe safi. Kombora linalosukuma kwa mvuto mara 10 kwa dakika 3 linaongeza kasi ya kilomita 18 kwa sekunde. Haidrojeni na oksijeni hutoa moshi kwa kasi ya kama kilomita 4.5 kwa sekunde. Kwa kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky unahitaji uzito wa kuanzia mara 55 ya uzito wa kumalizia. Tani 55 za kombora ili tani 1 ifike. Ama mbuni injini ya aina nyingine, ama punguzeni tamaa.

Na kichwa cha mlipuko mnaweza kukiacha nyumbani. Kwenye kilomita 3 kwa sekunde, kilo moja ya kitu chochote inabeba nishati inayokaribia ya kilo moja ya baruti ya TNT, hata ikiwa msumari. Kwenye kilomita 10 ni zaidi ya mara kumi na moja. Kombora linalojipasua vipande sekunde chache kabla ya kufika linatisha kuliko bomu, kwa sababu sasa mizinga ya kujilinda ifyatue kipi?

Askari wa Mezani

Nyie wote mko angani. Wahusika wangu wanatembea kwa miguu kwenye korido za kituo. Makombora ya begani vipi?

Rubani wa Karatasi

Huko nimefanya kidogo, kusema ukweli, lakini silaha halisi zimeshakuandikia kanuni. Stinger ya begani, ukishaifungulia betri na gesi ya kupoza jicho, una kama sekunde 45 tu. Usiporusha, betri hiyo ni ya kutupa. Mpe mchezaji saa mkononi hapo, utaona jasho. Javelin ina uzito wa kama kilo 22, kwa hiyo anayeibeba habebi kingine cha maana, na inapanda juu ili ishuke kwenye paa la kifaru ambako chuma ni chembamba. Kwenye korido yenye dari hiyo haikufai.

Halafu kuna kitu cha ajabu cha miaka ya 1960 kinaitwa Gyrojet, bastola ya risasi za roketi. Haikuwa ya kuongozwa, ila tabia yake inafaa: risasi ilitoka mtutuni polepole ikapata kasi njiani. Adui aliye karibu sana hakuwa salama, lakini alikuwa salama kuliko aliye mbali kidogo. Kanuni nyingi zina adhabu ya umbali. Hapa weka adhabu ya ukaribu, uone wachezaji wakigombania kukimbilia mbele badala ya kujificha.

Jeshi la Marekani kupitia DARPA, shirika lake la utafiti, lilijaribu pia risasi ya kuongozwa ya bunduki ya kudungulia, mradi wa EXACTO, mwaka 2014 na 2015, ikapinda kufuata shabaha. Hiyo mimi sijaiweka. Kwa mtu aliye mita 50 hakuna kipindi cha katikati, na bila kipindi hicho ni bonasi ya kulenga tu. Iandike hivyo usijisumbue.

Kete Nyeusi

Na makombora yenye akili kamili? Yanayofikiri? Hadithi za anga bila hayo hazinogi.

Rubani wa Karatasi

Ninayo, na nayabania sana. Lenye akili halihitaji mtu abaki palepale, kwa hiyo lazima lilipe kwa njia nyingine. Kwangu linalipa kwa kudanganyika. Linaweza kuzungumzishwa.

Mfano ninaoupenda si wa hadithi. Februari 1991, vita vya Ghuba, mtambo mmoja wa Patriot, wa kuzuia makombora, kule Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Saa ya kompyuta yake ilihesabu muda kwa kosa dogo sana, kosa likajikusanya hadi kama theluthi moja ya sekunde, mtambo ukatafuta kombora la Scud mahali ambapo halikuwepo. Walikufa askari 28. Tangu nisome habari hiyo, kila mtambo wenye akili mezani kwangu una alama ya penseli: umewashwa vipindi vingapi bila kuzimwa? Kila vitatu, toa 1. Wachezaji wanasahau kuuzima. Mimi sisahau.

Kabla ya kompyuta, mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwafundisha njiwa kudonoa picha ya shabaha ili waliongoze bomu. Jeshi halikulitumia vitani.

Askari wa Mezani

Mhusika wangu mpya ni njiwa. Sitaki mjadala.

Kete Nyeusi

Tatizo jingine, wakuu. Kwangu wachezaji wanabania makombora. Yana thamani, kwa hiyo hawarushi. Tumemaliza kisa kizima cha miezi saba wakiwa nayo yote sita kwenye hifadhi.

Rubani wa Karatasi

Wanabania kwa sababu kwao kombora lina kazi moja tu, kugonga. Waonyeshe wewe kwanza. Msimamizi arushe moja, kwa makusudi lisilo na nafasi nzuri, aangalie rubani wao anavyogeuza chombo, anavyoacha kumfukuza adui, anavyochoma mafuta yake. Halikugonga, ila adui amepata raundi mbili za kukimbia. Mwenzangu mmoja aliposhuhudia hilo, mchezo uliofuata alirusha la kwake mapema, akalitumia kama mbwa wa kuchunga: alimlazimisha adui akwepe kuelekea upande wenye vifusi. Kombora lenyewe likapita kando.

Na uyaandike kwa wino karatasini, kila moja kwa jina lake. Sijui kwa nini, ila likishakuwa na jina wanatafuta sababu ya kulirusha.

Mpiga Ramani

Narudi, na nimekuja kwa amani. Jana nimejaribu kete ya mkupuo na watu wangu wapya. Sikutumia majibu manne, nimewapa mawili tu, kukwepa na kufyatua. Ilikwenda haraka kuliko nilivyodhani, nakiri.

Ila limetokea jambo na tumebishana hadi kufunga. Mkupuo wa adui uliishiwa mafuta ukawa jiwe. Rubani akasogea, ukapita, kila mtu akashangilia. Raundi tatu baadaye wakakumbuka kwamba nyuma yao, kwenye mstari uleule, kuna chombo cha wakimbizi walichokuwa wanakilinda, injini imezimwa. Rubani anasema si kosa lake, yeye alikwepa. Mwenzake anasema alijua. Mkuu, kanuni yako inasemaje, nani anarusha dadu za madhara?

Rubani wa Karatasi

Kanuni haikusema kitu, hilo sikuliwaza. Naiandika sasa hivi: jiwe linabaki mezani mpaka litoke nje ya ramani, na anayelikwepa lazima aseme kwa sauti, kabla ya kurusha dadu, ni nini kiko nyuma yake.

Dadu za madhara arushe rubani.